Hedhi Isimtoe Binti Yetu Darasani

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu hedhi na masomo ya binti zetu. Najua wapo watakaotaka kufunga gazeti wakiliona neno hilo. Nakuomba usilifunge. Kama wewe ni baba, soma mpaka mwisho. Kama umo katika kamati ya shule, soma mara mbili. Na kama unawasomea wenzako katika darasa la kisomo, soma kwa sauti bila kuona haya. Hedhi si ugonjwa, si uchafu, wala si laana. Ni kazi ya mwili wenye afya.

HEDHI NI NINI?

Kila mwezi mwili wa msichana aliyevunja ungo hujiandaa kupokea mimba. Tumbo la uzazi hujitandika utando laini wenye damu, kama tunavyotandika kitanda kwa ajili ya mgeni. Mgeni asipofika, matandiko huondolewa. Utando ule hubomoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi.

Wasichana wengi huanza wakiwa na umri kati ya miaka 9 na 16. Damu hutoka kwa siku 3 hadi 7. Tangu hedhi moja ianze hadi nyingine ianze ni siku 28 hivi, lakini kwa msichana aliyeanza karibuni zinaweza kufika 45, tena zikabadilika-badilika. Damu yenyewe si nyingi kama inavyodhaniwa. Kwa siku zote hizo ni kiasi cha vijiko viwili hadi vitano vya chakula.

Angalia umri huo vizuri. Maana yake ni kwamba mtoto wa darasa la nne au la tano anaweza kuwa ameshaanza. Kwa hiyo jambo hili si la sekondari peke yake. Linaihusu pia shule ya msingi iliyo hapo kijijini kwako.

SHIDA INAANZIA WAPI?

Shida haianzi kwenye damu. Inaanza pale msichana anapokosa kitu cha kuizuia. Asiye na sodo hutafuta kipande cha kanga kuukuu, sponji ya godoro, au pamba iliyotoka shambani. Kitambaa safi hakina ubaya. Lakini sponji na pamba mbichi zina vumbi, na pamba yetu hupuliziwa dawa za wadudu. Hivyo havifai kuwekwa mahali hapo.

Sasa mfuate msichana huyo mpaka shuleni. Choo hakina komeo. Maji yako mbali. Anakaa na kitambaa kile kile tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Akiitwa ubaoni anaogopa kusimama, kwa sababu sketi imeloa na wavulana watacheka. Kesho yake anasema anaumwa, anabaki nyumbani.

Tufanye hesabu. Msichana akikosa siku 3 kila mwezi, kwa miezi 10 ya masomo atakuwa amekosa siku 30. Shule ina siku 5 kwa wiki. Kwa hiyo amepoteza wiki 6 nzima. Mtihani wa darasa la saba haumuulizi alikuwa wapi wiki hizo.

PESA YA SODO NA HATARI YAKE

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote. Msichana asiyepewa sodo nyumbani wala shuleni anaweza kuitafuta kwa mtu mwingine, na mtu huyo huenda asitoe bure.

Upande wa Kenya wa ziwa letu hili hili, katika eneo la Siaya, watafiti waliwauliza wanawake na wasichana juu ya jambo hilo, wakatoa taarifa yao mwaka 2015. Miongoni mwa wasichana wa miaka 15, mmoja katika kila kumi alisema amewahi kulala na mwanamume ili apate pesa ya kununua sodo.

Usiseme hayo ni ya Siaya tu. Sisi wa Usagara tuko njia panda. Magari ya Shinyanga na ya Kigongo yote yanapita kwetu, na pesa za barabarani zinapita nayo. Huko mwaloni kuna pesa za dagaa na sangara. Mwenye pesa mfukoni akiijua shida ya mtoto, shida hiyo huwa mtego. Mwisho wa mtego huo tunauona zahanati: mimba za utotoni, kaswende, kisonono na virusi vya UKIMWI. Mzazi aliyeona sodo ni ghali atakuja kulipa zaidi ya hapo.

Huko huko Siaya lilifanyika jaribio katika shule za msingi 30, mwaka 2012 na 2013. Wasichana wa shule nyingine walipewa sodo, wa nyingine vikombe vya hedhi, na wa nyingine hawakupewa kitu. Waliopewa vifaa walikutwa na magonjwa ya zinaa machache kuliko wasiopewa. Lakini idadi ya walioacha shule haikupungua. Tujifunze yote mawili. Sodo hulinda afya, lakini peke yake haimbakizi mtoto shuleni. Inahitaji choo, maji, mwalimu mwenye huruma na mzazi mwenye msimamo.

WENZETU WAMEFANYA NINI?

Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004. Kisha mwaka 2017 Bunge lake lilirekebisha Sheria ya Elimu ya Msingi, na Rais Uhuru Kenyatta akaitia saini mwezi Juni. Sheria hiyo inasema kila msichana aliyebalehe na anayesoma katika shule ya umma apewe sodo za bure, za kutosha na zenye ubora, tena pawepo mahali salama pa kuzitupa. Ni sheria nzuri. Hata hivyo, katika sehemu nyingi walimu na wazazi walilalamika kwamba sodo zilichelewa au hazikutosha. Sheria hupitishwa siku moja, bali sodo inatakiwa kila mwezi.

Uskoti, huko Ulaya, ilipitisha sheria mwaka 2020, ikaanza kutumika Agosti 2022. Huko vifaa vya hedhi hutolewa bure kwa kila anayevihitaji, si wanafunzi peke yao.

Na sisi Tanzania? Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike kuanzia Julai 2018. Mwaka uliofuata, Waziri wa Fedha, Dokta Philip Mpango, aliliambia Bunge kwamba bei dukani haikushuka, na kodi ikarudishwa Julai 2019. Hapa pana somo. Kupunguza kodi peke yake kunaweza kumnufaisha mfanyabiashara, na mtoto asipate kitu. Kumpa mtoto sodo mkononi ni njia fupi zaidi.

JE, RUZUKU YA SHULE INATOSHA?

Tufanye hesabu nyingine. Msichana akitumia sodo 4 kwa siku, kwa siku 5, ni sodo 20, yaani pakiti 2 za sodo kumi kumi. Tuseme kwa mfano pakiti moja ni shilingi 2,000. Wewe weka bei ya duka la kwenu. Kwa mwezi ni shilingi 4,000. Kwa miezi 10 ni shilingi 40,000.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka mzima, na shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Fedha hiyo ni ya vitabu, chaki, mitihani na ukarabati. Kwa hiyo tusimlaumu mwalimu mkuu. Mfuko wake ni mdogo kuliko mzigo.

Wapo wanaouliza: "Madawati hayatoshi, tutawezaje kununua sodo?" Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba dawati halina faida kwa mtoto asiyekuwapo darasani. Wengine husema: "Bibi zetu hawakuwa na sodo, na waliishi." Ni kweli. Lakini wengi wa bibi zetu hawakukaa darasani saa nane kwa siku katikati ya wavulana, wala hawakutazamiwa kufanya mtihani. Tumempeleka binti shule. Basi tumpe kinachomwezesha kukaa huko.

KIJIJI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Tusikae tukingojea. Mambo haya yanawezekana:

1. Kamati ya shule ihesabu wasichana wanaohitaji. Mwalimu wa kike aifanye kazi hiyo kwa faragha, si kwa kuwasimamisha mstarini.

2. Shule iwe na sanduku la akiba lenye sodo, sabuni, chupi na sketi ya kubadili. Funguo akae nayo mwalimu wa kike. Msichana asiulizwe maswali mengi anapoomba.

3. Mkutano mkuu wa kijiji ujadili mchango wa hiari. Tuseme wasichana ni 60, na kila mmoja anapewa na shule pakiti 1 kwa mwezi. Kwa miezi 10 ni pakiti 600, yaani shilingi 1,200,000. Kijiji chenye kaya 400 kitatoa shilingi 3,000 kwa kaya kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 250 kwa mwezi. Risiti itolewe, na hesabu isomwe mkutanoni. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchangia.

4. Mafundi cherehani washone sodo za kitambaa cha pamba. Sisi ni wakulima wa pamba, na kitambaa chake hunyonya vizuri. Sodo ya kitambaa hufuliwa na kutumika tena kwa miezi mingi.

5. Vyoo virekebishwe. Kiwango cha shule zetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Mlango uwe na komeo, maji na sabuni viwe karibu, na pawe na chombo chenye kifuniko cha kutupia sodo zilizotumika. Zisitupwe shimoni, kwa sababu plastiki yake haiozi na choo hujaa upesi. Zichomwe katika kichomea taka.

6. Diwani aombwe kulipeleka jambo hili Halmashauri, ili liingie katika bajeti. Mchango wa kijiji ni wa kuanzia tu. Kinachodumu ni fungu la Serikali.

MAFUNZO KWA MSICHANA NA MZAZI

Badili sodo au kitambaa kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama damu ni kidogo. Nawa mikono kabla na baada ya kubadili. Jisafishe kwa maji safi kwa nje tu. Usiingize sabuni wala dawa ndani. Kitambaa kilowekwe kwenye maji baridi, kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani mpaka kikauke kabisa. Wengi hukificha chini ya godoro kwa aibu. Huko hakikauki, na vijidudu hustawi. Ukiona haya, tandaza kanga nyepesi juu yake, lakini jua lifike.

Maumivu ya tumbo ni ya kawaida. Maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishiwa kitambaa husaidia. Dawa ya paracetamol pia husaidia. Mlishe binti dagaa, maharage, matembele na mchicha ili arudishe damu.

Mlete zahanati ukiona moja kati ya haya: damu inatoka zaidi ya siku 7; sodo inaloa kabisa kila saa moja au mbili; anazimia, au viganja na macho yamekuwa meupe; maumivu yanamlaza kila mwezi; kuna harufu mbaya au usaha; au amefika miaka 15 na hajaanza.

Tena sisi wa kanda hii tuna kichocho. Binti aliyezoea kuchota maji na kuoga madimbwini anaweza kutoa damu katika mkojo, ikadhaniwa ni hedhi. Damu inayoonekana kwenye mkojo nje ya siku zake ni lazima ipimwe. Kichocho kina dawa, na kikiachwa huumiza njia ya uzazi.

NENO KWA AKINA BABA NA WAVULANA

Zamani shangazi na bibi walikuwa ndio wafunzi. Leo wengi wako mbali, na baba ndiye mwenye mkoba. Baba, unaponunua sabuni na chumvi, nunua na pakiti ya sodo, uiweke pale binti atakapoiona. Huna haja ya kusema neno. Atajua kwamba unajua, na hatamwomba mwanamume mwingine.

Nawe mvulana, damu unayoicheka ndiyo njia uliyopitia kuzaliwa. Ukiona mwenzako ameloa, mpe sweta yako ajifunge, kisha endelea na masomo yako.

Tarehe 28 Mei kila mwaka ni Siku ya Hedhi Salama Duniani. Kijiji chako kisingoje siku hiyo ifike. Mkutano ujao wa kamati ya shule unatosha kuanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Hedhi hutokana na nini? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
2. Kwa nini sponji ya godoro na pamba ya shambani hazifai?
3. Shule ya kijijini kwenu ina matundu mangapi ya vyoo vya wasichana, na wasichana ni wangapi? Je, kiwango kimefikiwa?
4. Fanyeni hesabu ya pakiti za sodo kwa shule yenu, kwa bei ya duka lenu. Kila kaya itoe kiasi gani?
5. Nani katika kijiji chenu atalipeleka jambo hili kwenye mkutano, na lini?