Picha ya rada ina madoa: tuyapunguze bila kufuta mashamba



Wakati wa mvua, mawingu yanafunika Bunia na pwani ya Ziwa Albert siku nyingi. Satelaiti ya kawaida haioni kitu. Ile ya rada, kama Sentinel-1 ya Shirika la Anga la Ulaya, inatuma mawimbi yake yenyewe. Yanapenya mawingu, mchana hata usiku. Picha zake ni za bure, tena zinaweza kuonyesha maji yaliyoingia mashambani kule Kasenyi ao Tchomia. Lakini zina madoa.

Madoa yanatoka wapi?
Picha inaonekana kama chumvi iliyomwagwa juu ya majivu. Si mashine imeharibika. Kila kisanduku cha picha ni kama mita 10 kwa 10. Ndani yake mna majani, madongo, mawe, na kila kimoja kinarudisha wimbi. Mawimbi yakifika pamoja, yanaongezana nguvu: kisanduku kinang'aa. Yakipishana, yanazimana: kinakuwa cheusi. Ndiyo maana shamba la mihogo, lililo sawa kote, linatoka madoa-madoa.

Tunayapunguzaje?
1. *Wastani wa majirani.* Visanduku 7 kwa 7 ni karibu nusu hekta. Madoa yanapungua, lakini shamba la upana wa mita 20 linamezwa.
2. *Kichujio cha Lee, cha mwaka 1980.* Kinapima kwanza. Majirani wakifanana, kinachukua wastani. Wakitofautiana sana, kama pale shamba linapokutana na maji, kinaacha kisanduku karibu kama kilivyo.
3. *Wastani wa tarehe nyingi.* Tukichanganya picha 9 za mahali pamoja, madoa yanabaki karibu theluthi moja, na mipaka haifutiki. Ila maji ya siku moja yatapotea humo. Kwa mafuriko, changanya picha za kabla tu, kisha linganisha na ile ya siku ya maji.

Inatuhusu nini?
Shamba lililofutwa na kichujio halipo kwenye ramani, hata kama maharagi yameoza. Orodha ya msaada ikifuata ramani hiyo, mwenye shamba anakosa. Basi, akija mtu wa ramani, tumuulize: Umechuja kwa visanduku vingapi? Shamba la ukubwa gani halionekani? Tuone picha ambayo haijachujwa?

Kazi ya nyumbani: Pima shamba lako kwa hatua. Linaingia visanduku vingapi? Leta hesabu kwenye mkutano.