Simamisha Jiwe Kabla ya Kujibu

Wapenzi wanandoa, nyumba nyingi hazibomolewi na mambo makubwa. Hubomolewa na neno la jioni, wakati mume amechoka, mke amechoka, na karo haijalipwa. Wahenga walisema hasira hasara. Lakini mtu atautulizaje moyo kabla ya kufungua kinywa? Leo tujifunze njia moja isiyo na gharama: kusimamisha mawe.

Mchezo huu ni kuweka jiwe juu ya jiwe, bila gundi wala udongo, mpaka yasimame yenyewe. Michael Grab, aliyeanza mwaka 2008 mjini Boulder, Marekani, amejulikana sana kwa kazi hiyo.

Fuateni hatua hizi:

1. Chagua mawe magumu yenye uso wa kukwaruza. Jiwe lenye utelezi litakusumbua.

2. Weka chini jiwe kubwa na pana, ulitikise uone kama limetulia.

3. Papasa jiwe la juu utafute vinundu vitatu vidogo. Kumbuka mafiga: sufuria hukaa kwa mawe matatu. Uzito wa jiwe ukiangukia katikati ya vinundu hivyo, litasimama.

4. Ligeuze polepole kwa ncha za vidole. Likianguka, anza tena.

Kwa nini moyo hutulia? Kwa sababu macho na mikono hushika jambo moja tu, na ile kesi ya nyumbani hupumzika kidogo. Tena mkono unaotetemeka kwa hasira hausimamishi jiwe. Inakubidi ushushe pumzi kwanza.

Hata hivyo, angalieni. Kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo yako mawe makubwa yaliyopandana kimaumbile, kimo cha mita 40 hivi, yaitwayo Kit Mikayi. Kwa Kijaluo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Wazee husimulia kwamba mzee mmoja aliyapenda mno akashinda huko kila siku, mkewe akimpelekea chakula. Mama huyo alipoulizwa mumewe yuko wapi, alijibu kuwa amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Basi mchezo usigeuke kuwa mke mwenza! Nusu saa yatosha, kisha rudi umalize lile neno kwa upole. Afadhali zaidi mfanye pamoja: mmoja ashike la chini, mwingine aweke la juu.

Msirundike mawe marefu penye watoto. Na mkicheza mtoni, mkimaliza yarudisheni yalipokuwa, kwa maana viumbe wadogo huishi chini yake.

Maswali ya kujadiliana:

1. Ni saa ngapi za siku ambapo hasira hutupata zaidi?

2. Mwenzangu anapohitaji kunyamaza kidogo, je, humpa nafasi, au humfuata kwa maneno?