Kupima Upepo na Anga Kabla ya Kurusha Ndege Nyuki Dar es Salaam



Baadhi yenu mmeuliza kwa nini picha za angani za bonde la Msimbazi huchukua siku nyingi, hali ndege nyuki yenyewe hukaa hewani kama dakika 20 tu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, kwa hiyo ramani ya mkondo wa maji ina thamani. Lakini chombo kikianguka Vingunguti, kitaangukia paa la mtu au mtoto uani.

Tuanze na anga. Hakirushwi chombo bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo hutoa idhini yake. Vingunguti iko karibu na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ambako ndege za abiria hushuka chini sana zikija kutua. Kamati isialike wageni kabla vibali havijafika mkononi.

Kazi kubwa ni upepo. Alfajiri umande huvuma taratibu kutoka bara. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto kuliko bahari, na upepo wa bahari huingia kwa nguvu hadi alasiri. Miezi ya kusi huwa mkali zaidi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe jioni ya kuamkia siku ya kazi, kisha mtu atazame vilele vya minazi, si nyasi, maana juu upepo ni mwingine. Povu jeupe likienea baharini, upepo umekaribia mita 6 kwa sekunde.

Fanyeni hesabu hii. Chombo chenye mwendo wa mita 12 kwa sekunde kikisukumwa na upepo wa mita 8, kilomita moja ya kwenda ni sekunde 50. Kurudi dhidi ya upepo huo ni sekunde 250, na betri imekwisha pungua! Ndiyo maana mrushaji mzoefu huanza kwa kuukabili upepo, arudi akisukumwa.

Saa 1 hadi saa 3 asubuhi ndiyo nafasi nzuri. Mvua ikinyesha, hata manyunyu, kazi huahirishwa. Basi katika bajeti tengeni asubuhi tatu, si moja, pamoja na nauli na chai ya vijana wanaozuia watu wasisogelee mahali pa kutulia.