SOMO: KUITENGENEZA MASHUA KUUKUU KABLA YA MSIMU WA KARAFUU



Karafuu zikishakauka jamvini, kazi ya mkulima haijesha. Wenzetu ambao mashamba yao yako kandokando ya hori, na wale wanaovusha wachumaji kutoka visiwa vidogo kama Fundo, Kojani na Makoongwe, bado wana bahari ya kuvuka. Mashua iliyokaa pwani tangu msimu uliopita, ikipigwa jua na kunyeshewa na masika, si ya kusukumwa majini hivi hivi.

Mwandishi wa somo hili aliwahi kulipuuza jambo hilo. Mwaka mmoja alipakia magunia 6 ya karafuu kavu katika mashua aliyoiziba juu juu tu. Kusi likavuma, maungo ya mbao karibu na mkuku yakafunguka, na maji yakaingia ngamani. Watu walifika salama kwa kufua maji njia nzima, lakini magunia 4 ya chini yalirowa. Karafuu zile zilivunda, zikapauka, zikauzwa kwa bei ya chini. Kazi ya nyumba nzima ilipotea kwa kukosa pamba kidogo. Basi tufuate utaratibu.

1. Wakati wa kuanza

Bamvua huja mara 2 kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Ipandishe mashua maji ya bamvua yakijaa, nayo itakaa pakavu mpaka bamvua la pili, yaani siku 14 au 15. Hizo ndizo siku zako za kazi. Usianze mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, kwani mbao iliyorowa haishiki vizuri pamba wala deheni. Karafuu za mwaka aghalabu huanza kuchumwa Julai hivi; kwa hiyo ukingoja mpaka uone mikarafuu imeiva, umechelewa.

2. Kusafisha na kuchunguza

Ilaze mashua ubavu, ukwangue mwani na magamba yote. Kisha pitisha moto wa makuti makavu chini ya mbao ili kuua wadudu. Moto upite upesi. Mbao ipate joto, isiungue. Weka ndoo za maji karibu.

Sasa gonga kila ubao kwa nyundo ndogo. Mbao nzima hulia kwa sauti kali; mbao iliyooza hulia kama mtu agongaye mto. Choma kwa ncha ya kisu kwenye mkuku, chini ya mlingoti, na kila mahali taruma linapokutana na ubao. Uonapo kitundu kidogo kama cha sindano, usikidharau. Mdudu wa baharini huingia kwa mlango mwembamba, lakini ndani hula mbao ikawa kama sega la nyuki. Doa jeusi kuzunguka msumari ni dalili ya kutu.

3. Mbao na mataruma

Kata ubao mbovu mpaka ufike penye mbao nzima. Kiraka kianzie kwenye taruma na kiishie kwenye taruma jingine, kwani kiraka kisichoshika taruma hung'oka kwa wimbi la kwanza. Mtondoo ni mti mzuri kwa kazi hii. Taruma litoke kwenye tawi lililopinda lenyewe. Ukilichonga kutoka ubao ulionyooka litapasuka. Toboa kwanza kwa keekee, kisha pigilia msumari uliotiwa zinki, ukizungushia uzi wa pamba uliolowa mafuta chini ya kichwa chake.

4. Kalafati

Toa pamba yote ya zamani. Kuongeza mpya juu ya iliyooza ni kujidanganya. Sokota pamba safi, itie mafuta ya nazi, uisindilie kwa patasi butu, kidogo kidogo. Isilegee, wala usiilazimishe mpaka ikatenganisha mbao. Maungo yaliyo kando ya mkuku yatazamwe mara mbili, maana ndiyo yaliyomponza mwandishi.

Kalafati ikimalizika, changanya chokaa na shahamu iliyoyeyushwa. Hiyo ndiyo deheni. Ipake kwa mkono sehemu yote ikaayo majini. Sehemu ya juu ipake sifa.

5. Tanga na kamba

Osha tanga kwa maji ya kisima, lianike, kisha litazame ukilielekeza kwenye jua: mwanga ukipenya, weka kiraka. Kagua dasi pande zote. Vuta henza kwa nguvu ukiwa ufukweni. Ni heri ikatike hapo kuliko ikatike katikati ya mkondo. Kamba ya nailoni nayo huliwa na jua, hata kama haionyeshi kuoza.

6. Kurudi majini

Mashua iliyokauka itavuja kidogo siku ya kwanza. Ifunge penye maji haba, mbao zinywe maji na kuvimba. Ikiendelea kuvuja baada ya siku 2, ipandishe tena. Usitumaini kwamba itajiziba safarini. Ijaribu kwanza kwa farumi ya mchanga kabla ya kupakia karafuu.

Magunia yasikae juu ya mbao za chini. Tandika fito, juu yake makuti, na funika yote kwa turubai. Chukua upo 2, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria. Bahari ikichafuka, gunia na libaki pwani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mashua hupandishwa wakati wa bamvua?
2. Kiraka cha ubao kianzie na kuishia wapi?
3. Mashua yako mwenyewe ilikalafatiwa lini?

Atakayeshindwa kulijibu swali la tatu na aende pwani kesho asubuhi, achukue na nyundo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na baharini hakuna pa kuujengea.