Kuba Jeupe Juu ya Paa la Gari

Ndugu wakazi wa Busia, Malaba na viunga vya Tororo, tumeulizwa mara kadha barazani: lile kuba jeupe lililo juu ya baadhi ya magari ya uokoaji na ya usalama ni kitu gani, na je, hunasa mazungumzo ya simu za watu? Swali ni la haki, na kulipuuza kungezaa uvumi.

Ndani ya kuba mna antena ya setilaiti. Setilaiti nyingi za mawasiliano huzunguka juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786, kwa mwendo unaolingana na wa dunia, hata zikaonekana kana kwamba zimesimama. Sahani ya nyumbani huelekezwa mara moja ikatulia. Ya garini haina raha hiyo: gari likipinda au likiingia shimoni, vihisi hutambua mtikisiko na mota ndogo huirudisha sahani shabahani. Aina mpya ni bapa na haizunguki. Huelekeza mawimbi yake kwa umeme. Kwa kuwa hutazama juu na kuzungumza na setilaiti yake, si chombo cha kudukua simu iliyomo mfukoni mwako.

Kwa nini simu isitoshe? Mkazi wa mpakani anajua: hatua chache tu, simu imekwisha kuhamia mtandao wa nchi ya pili, na salio limeliwa. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mnara nao hunyamaza. Lori la mafuta likipinduka, kila mtu hupiga simu kwa wakati mmoja, mtandao ukajaa, na dakika zinazopotea ni za majeruhi.

Hata hivyo antena ina udhaifu wake. Chini ya mwembe mnene haioni anga, na mvua kubwa hudhoofisha mawimbi. Maneno husafiri zaidi ya kilomita 70,000 kupanda na kushuka, takriban robo ya sekunde. Ofisa akikawia kidogo kujibiwa, msidhani amepuuzwa.

Penye ajali, tusaidieni kulipatia gari uwanja ulio wazi, hata ikibidi bodaboda zisogee. Watoto wasipande paani, kwani si salama kukaa mbele ya antena inaporusha mawimbi. Wala msiichanganye na lakiri za kielektroniki za makontena yanayopita mpakani: hizo huwaarifu watu wa forodha mzigo ulipo, na kuzichezea ni kosa.