Mwanamke Anayetafuta Hewa ya Dunia za Mbali

Watoto, tazameni mbingu usiku pasipo mwezi. Nyota ni nyingi, hazihesabiki. Kila nyota ni jua, ila inaonekana ndogo kwa sababu iko mbali sana. Jua letu linazungukwa na sayari nane, na mojawapo ni dunia hii tunayoikanyaga. Je, majua yale mengine nayo yana sayari? Na sayari hizo zina hewa? Zamani hata wenye elimu kubwa hawakuweza kujibu maulizo hayo. Sasa wameanza kujibu, na mmoja wao ni mwanamke, jina lake Sara Seager.

Sara alizaliwa mwaka wa 1971 huko Toronto, mji mkubwa wa nchi ya Kanada. Alipokuwa na umri wa miaka kumi alikwenda kulala katika hema porini. Usiku akatoka nje, akainua macho, akashangaa mno. Mjini taa za barabara zinaficha nyota. Kule porini hapakuwa na taa, na mbingu zilijaa toka upande huu mpaka upande ule. Mtoto wa kijijini atacheka akisikia hayo, maana yeye anaziona nyota hizo kila siku. Lakini Sara hakuzisahau tena.

Baba yake alikuwa daktari, naye alitaka binti yake achague kazi itakayomlisha. Kutazama nyota, je, ni kazi ya kumlisha mtu? Sara akashika njia yake. Alisoma hesabu na fizika katika chuo kikuu cha Toronto, kiisha mwaka wa 1994 akaenda Marekani, katika chuo kikuu cha Harvard.

Mwaka uliofuata habari kubwa ilitoka Uswisi. Wataalamu wawili, Michel Mayor na Didier Queloz, walitangaza kwamba wameona nyota inayoyumbayumba kidogo, kama mtu anayevutwa mkono na mtoto. Wakasema: nyota hiyo inavutwa na sayari kubwa inayoizunguka kwa siku nne tu. Wengi hawakusadiki. Dunia yetu inalizunguka jua kwa mwaka mzima; sayari gani hiyo ya siku nne? Wengine walisema hakuna sayari, nyota yenyewe ndiyo inayotikisika.

Wakati ule ule Sara alitakiwa kuchagua kazi ya kumalizia masomo yake. Mwalimu wake, Dimitar Sasselov, alimpa shauri hili: piga hesabu ya hewa ya sayari za namna hiyo. Fikirini ugumu wake. Hakuna aliyekwisha kuiona sayari hiyo kwa macho. Labda haipo. Kama haipo, miaka yote ya kazi itapotea bure, na Sara atabaki na karatasi za hesabu zisizo na maana. Alikubali. Akakaa mbele ya kompyuta miaka kadhaa, na mwaka wa 1999 akamaliza.

Lakini namna gani mtu aweza kujua hewa ya kitu asichokiona? Sayari karibu na nyota yake ni kama kimulimuli kilichotua kando ya moto wa kuchoma pori. Ni nani atakiona kimulimuli hicho, naye akiwa mlima wa pili?

Mwajua upinde wa mvua. Mwanga wa jua unaonekana mweupe, kumbe ndani yake mna rangi nyingi; matone ya mvua yanazitenga, nasi tunaona nyekundu, manjano, kijani, buluu. Sasa twende jikoni. Mama akiwa karibu, tupa chumvi kidogo katika moto. Ulimi wa moto unageuka manjano! Ndani ya chumvi mna kitu kinachoitwa sodiamu, na rangi yake ni hiyo. Vumbi la shaba, lile la Katanga, linatoa kijani. Kila kitu kina rangi zake, kama kila mtu alivyo na alama za vidole vyake.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Sodiamu ikiwa katika hewa mbele ya mwanga mkali kuliko yenyewe, haitoi manjano bali inaila. Mwanga ukipita katika hewa hiyo unatoka umepungukiwa na rangi ile moja tu. Basi anayepokea mwanga huo na kuzitenga rangi zake, akiona manjano imepunguka mahali pale pale pa sodiamu, atajua mwanga umepita katika sodiamu, hata kama yuko mbali sana.

Sayari nyingine, katika mwendo wake, zinapita mbele ya nyota yao, kama mdudu apitaye mbele ya taa. Nyota inafifia kidogo. Na ukingoni mwa sayari, pale penye hewa kama ukungu mwembamba, mwanga wa nyota unapenya na kuja kwetu. Sara na mwalimu wake waliandika mwaka wa 2000: tazameni pale, mtafute sodiamu.

Sayari ya kutazamwa ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka wa 1999 kijana mwingine wa Harvard, David Charbonneau, pamoja na wenzake, walitazama nyota iitwayo HD 209458 kwa darubini ndogo, upana wa kioo chake sentimeta 10 tu, kama mdomo wa kikombe kikubwa. Nyota ikafifia, baada ya saa tatu ikarudi kung'aa. Sayari ilikuwa imepita! Waliokuwa na mashaka wakaanza kunyamaza.

Kiisha Charbonneau akatumia darubini ya Hubble, inayozunguka juu kabisa ya hewa yetu. Ili mwelewe kazi yake, mwaga punje 10,000 za mahindi juu ya mkeka. Hizo ni mwanga wa nyota. Sayari ikipita inaondoa punje kama 160. Hewa yake, katika rangi ya manjano, inaondoa punje mbili zaidi. Mbili tu! Nani atahesabu mkeka mzima asikosee punje mbili? Charbonneau na wenzake walihesabu, na mwisho wa mwaka wa 2001 wakatangaza: sodiamu ipo, ingawa ni kidogo kuliko hesabu zilivyotazamia. Ilikuwa mara ya kwanza watu kusema habari ya hewa ya sayari iliyo nje ya jamii ya jua letu. Mwanga walioupima ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka 150.

Habari haikuishia hapo. Mwaka wa 2020 wataalamu wengine walipima nyota ile ile kwa vyombo vya namna nyingine, wakasema alama ile ya manjano yaweza kutoka kwa nyota yenyewe inapojizungusha. Hivi ndivyo kazi hii ilivyo: punje mbili za mwenzako lazima wengine wazihesabu tena. Katika sayari nyingine sodiamu imeonekana wazi, na njia ya Sara ndiyo inayotumika hata leo.

Mwaka wa 2007 Sara alianza kufundisha katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka wa 2011 mume wake akafa kwa kansa, akamwachia wana wawili wadogo. Kulea watoto peke yake na kuendelea na hesabu za nyota ilikuwa mzigo mzito; mwenyewe amesimulia taabu hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 2020. Hakuacha kazi. Dunia yetu ina oksijeni, sehemu 21 katika 100 za hewa, na mimea ndiyo inayoitoa. Lakini viumbe vya mahali pengine huenda vikatoa hewa nyingine, kama matope ya kinamasi yanavyotoa gesi yao. Kwa hiyo mwaka wa 2016 Sara na wenzake wawili walitengeneza orodha ya namna 14,000 hivi za chembe za kuchunguzwa, ili mtu asipite mbele ya mlango asijue ni mlango.

Siku ya Noeli ya mwaka wa 2021 darubini kubwa kupita zote za angani, James Webb, ilirushwa toka Guyana ya Ufaransa. Kioo chake kina upana wa mita 6.5. Mwaka wa 2022 ilionyesha wazi hewa ya kaboni, ile tunayoitoa puani, katika sayari WASP-39b. Kiisha ikageuzwa kuelekea nyota ndogo TRAPPIST-1, ambayo wataalamu wa Liège, Ubelgiji, walitangaza mwaka wa 2017 kwamba ina sayari saba zenye ukubwa kama wa dunia yetu. Mwaka wa 2023 ya kwanza ilionekana kama jiwe tupu, hewa hakuna au ni kidogo mno. Ya pili vilevile haikuonyesha hewa nzito. Ya nne, ambayo haiko karibu mno na moto wa nyota yake wala mbali mno, ilipimwa kwa mara ya kwanza, na majibu yalitolewa mwaka wa 2025: bado hayasemi ndiyo, wala hayasemi hapana. Wanahesabu tena.

Maulizo. Kwa nini wengi waliona kazi ya Sara kuwa hatari kwake? Chumvi ikitiwa motoni inatoa rangi gani, na kwa sababu gani? Sayari inaondoa punje ngapi katika 10,000, na hewa yake ngapi zaidi? Kwa nini Hubble iliwekwa juu ya hewa yetu?