Chakula Kabla ya Muziki, Kahawa Baada ya Muziki



Mwezi wa Desemba ukifika, mabasi yaendayo Mombasa hujaa watu kutoka huku kwetu Magharibi. Shule zimefungwa, wengine wamelipwa pesa za miwa, wengine wana ndugu Changamwe au Mikindani wanaowaita kila mwaka. Pwani nayo huwa katika joto la kaskazi, na hoteli za ufukweni huandaa muziki nyakati za usiku. Basi bwana na bibi kutoka Kabras, ambao mwaka mzima wameonana shambani na kwenye hesabu za karo, hujikuta wamepata jioni moja ya kutoka wawili peke yao.

Leo tujifunze namna ya kuipanga jioni hiyo. Usiseme kwamba haya ni mambo ya matajiri. Safari ya kutoka Kakamega hadi Mombasa hupita kilomita 800. Mtu anayesafiri mwendo huo wote ili akagombane na mwenzake amepata hasara kubwa kuliko nauli. Ninayajua haya kwa sababu yalinipata.

KISA CHETU

Desemba 2022 mimi na mke wangu tulikwenda Mombasa kumtembelea shemeji yangu. Nikasikia kwamba Jumamosi usiku kutakuwa na muziki katika hoteli moja kando ya bahari. Nilinunua tiketi mbili bila kumwambia mtu, nikidhani kwamba nitamfurahisha mama watoto kwa kumshtukiza. Saa 11 jioni nikamwambia, "Vaa, tunatoka."

Wakati huo mke wa shemeji alikuwa jikoni anakuna nazi ya wali wetu. Tukaondoka, tukamwacha na sufuria yake. Matatu ilikwama katika msongamano wa magari, tukafika na njaa. Pale hotelini niliangalia bei za vyakula, nikairudisha karatasi mezani. Nikasema, "Tutakula tukirudi." Muziki ulikuwa mzuri, lakini mke wangu alikaa kama mtu aliye matangani. Njiani nikamlaumu kwamba nimetumia pesa zote zile na yeye amenuna. Akanijibu, "Baba watoto, si njaa. Hukuniuliza."

Tulilala bila kusemezana. Asubuhi tulikwenda Misa, tukakaa benchi moja, kila mmoja na moyo wake.

Jumatatu jioni nilimwomba msamaha, nikamuuliza kama angependa tutembee wawili. Akachagua yeye mwenyewe mahali: Mama Ngina, pale ambapo meli hupita karibu zikiingia bandari ya Kilindini. Hakuna kiingilio. Tulinunua viazi karai na mihogo yenye ndimu na pilipili, tukala tukitazama bahari. Kisha tukakaa kwa muuza kahawa. Kikombe cha pili kilipomiminwa, ndipo alipoanza kusema.

"Tangu tumzike mama yako," alisema, "watu wote wamenishukuru kwa kumuuguza. Wewe hujaniuliza mimi niko vipi."

Mama yangu alifariki mwezi wa Machi mwaka ule. Kwa miaka miwili mke wangu ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwogesha, akafua nguo zake usiku. Ilikuwa imepita miezi tisa tangu mazishi. Nilikuwa nimeuona unyamaze wake, nikafikiri ni uchovu wa shamba. Siku za Jumamosi nilikuwa nawafundisha wachumba semina ya ndoa, na nyumbani kwangu mtu alikuwa analia peke yake.

Ndugu msomaji, tiketi za bei kubwa hazikulileta neno hilo. Lililetwa na chakula cha pesa kidogo na kikombe cha kahawa, kwa sababu mara hii tulikuwa tumepatana.

YESU UFUKWENI

Soma Injili ya Yohane, sura ya 21. Mitume walivua samaki usiku kucha bila kupata kitu. Kulipopambazuka Yesu alikuwa amesimama ufukweni. Walipofika nchi kavu walikuta makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana mwenyewe ndiye aliyewaandalia chakula, tena akawaambia walete na samaki wao.

Petro alikuwa na deni zito. Alikuwa amemkana Bwana mara tatu, naye alikuwa akiota moto wa makaa usiku ule katika sura ya 18. Yesu angeweza kuanza na jambo hilo mara Petro alipotoka majini, angali amelowa. Hakufanya hivyo. Kwanza walikula. Walipokwisha kula, ndipo alipomuuliza mara tatu kama anampenda.

Hapo pana somo kwa wana ndoa. Jambo zito lina wakati wake. Haliletwi mbele ya mtu mwenye njaa, wala halipigiwi kelele katikati ya ngoma. Lakini pia halifichwi milele. Yesu alimlisha Petro, kisha akamuuliza.

MPANGO WA JIONI

1. Amueni pamoja. Kabla ya kununua tiketi, muulize mwenzako kama anapenda kwenda, na kama anaupenda muziki huo. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwakumbusha wana ndoa mambo matatu ya kusemwa nyumbani: kuomba ruhusa, kushukuru na kuomba msamaha. La kwanza ndilo nililoliruka mimi.

2. Gawanyeni pesa kwenye karatasi. Andikeni mafungu manne: nauli, kiingilio, chakula, na kahawa. Nauli ya kurudi usiku itengwe kwanza, isiguswe. Mkiona pesa hazitoshi, punguzeni kiingilio au uacheni muziki kabisa. Msiache chakula. Watu wawili walioshiba wanaweza kutembea kando ya bahari bila tiketi na kufurahi.

3. Mwambieni mwenyeji wenu mapema. Kama mnalala kwa ndugu, mwambieni tangu asubuhi kwamba chakula cha jioni mtakula nje, na mtarudi saa ngapi. Msimwache mtu amepika bure, wala msimwamshe usiku wa manane kufungua mlango. Kama mna watoto, jueni nani anakaa nao.

4. Kuleni kabla ya muziki. Mombasa mwezi wa Desemba jua hutua karibu saa 12 na robo hadi saa 12 na nusu. Muziki wa saa 2 usiku unawapa nafasi ya kula saa 12 bila haraka. Mjini mtapata wali wa nazi, samaki wa kupaka, pilau au biriani kwa bei nafuu kuliko ufukweni. Ulizeni bei kabla ya kuketi. Hoteli nyingi hazikubali mtu kuingia na chakula chake, kwa hiyo msitegemee kubeba mfuko. Kunyweni maji ya kutosha, maana joto la pwani si la Malava. Kama muziki uko Diani, kumbukeni kivuko cha Likoni: anayevuka kwa miguu halipi, lakini foleni yaweza kuwa ndefu.

Kwenye chakula hiki zungumzeni mambo mepesi. Patanani pia saa ya kuondoka, ili mmoja asivutwe mkono katikati ya wimbo anaoupenda.

5. Muziki uwe muziki. Wakati huu si wa kesi. Simu ziwekwe mfukoni. Mume asiwe mtu wa kuagiza chupa baada ya chupa mpaka mkewe awe mlinzi wake. Wala msiingie baharini usiku. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mgeni hajui yameanza kupanda saa ngapi.

6. Kahawa baada ya muziki. Watu wa pwani wana desturi nzuri. Kahawa chungu huchemshwa, mara nyingi kwa tangawizi, ikakaa katika dele juu ya makaa. Humiminwa katika kikombe kidogo kisicho na mkono, bila sukari, nawe unatafuna tende au kashata. Kikombe ni cha moto, huwezi kukinywa mara moja, na kikiisha unaongezewa. Hicho ndicho kipimo cha mazungumzo. Mmoja aulize, mwingine ajibu mpaka amalize. Anayesikiliza asijitetee, asikatize, asitoe hotuba. Akikosa la kusema, ashukuru.

Kama kahawa inakunyima usingizi, kunywa chai ya tangawizi. Kama saa zimekwenda sana, rudini mkalale, kahawa iwe kesho yake jioni. La muhimu ni kwamba imo katika mpango, na wote wawili mnajua kwamba inakuja.

7. Msisahau Dominika. Kama muziki ni Jumamosi usiku, tafuteni mapema saa za Misa, katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu mjini au katika parokia iliyo karibu nanyi. Misa ya Jumamosi jioni nayo hutimiza wajibu wa Dominika. Na anayetaka kupokea Komunyo aache chakula na kinywaji saa moja kabla, isipokuwa maji na dawa.

KWA WALIO NYUMBANI

Wengi wetu hatutaona bahari mwaka huu. Mpango ni uleule. Kutoka mji wa Kakamega hadi Kisumu ni kama kilomita 50, na pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, mtakula samaki na ugali. Hata tamasha la kwaya za parokia linatosha: kuleni pamoja kabla ya kwenda, na mkirudi wekeni chai jikoni watoto wakishalala. Huku kwetu ni watu wa chai, na chai nayo husikiliza vizuri.

Nikumbushe jambo moja la mila zetu. Zamani mama zetu hawakula kuku kabisa. Siku hizi wanakula, lakini firigisi bado huwekwa kwenye sahani ya baba. Tuliporudi kutoka Mombasa tulichinja kuku, na firigisi ikaletwa kwangu kama kawaida. Niliikata vipande viwili. Mke wangu alicheka, akauliza, "Sasa watoto watasema nini?" Nikamwambia waseme watakalo. Kisha nikamuuliza habari za mama yangu, namna alivyokuwa siku zile za mwisho ambazo mimi nilikuwa safarini kwenye vigango. Alinieleza mpaka moto ukazimika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni lini mara ya mwisho tulipokula wawili peke yetu? Nani aliyeamua?

2. Je, kuna huzuni au kazi nzito ambayo mwenzangu ameibeba nami sijamuuliza?

3. Nikiwa na jambo zito, je, hulileta wakati gani? Tukiwa na njaa, mbele ya watu, au tumetulia?

4. Pesa za starehe nyumbani kwetu hupangwa na mmoja au na wote wawili?

Jibuni kila mmoja kwa zamu, kisha chagueni siku moja kabla ya mwezi kwisha. Iandikeni kwenye kalenda ukutani, watoto waione.

Bwana aliyewaandalia mitume wake chakula kando ya maji aketi pia mezani penu. Amina.